Majumba ya Forodhani, Kutoka Babati

Jumamosi, 26 Desemba 2020

Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la Forodhani, Unguja, limeporomoka. Jana, sikukuu ya Krismasi, sehemu kubwa ya mbele ilishuka na mnara wa saa ukaenda nayo, mafundi wakiwa ndani wanalikarabati. Picha zilianza kuingia kwenye kundi letu la walimu tukiwa tunapakua pilau. Upande mmoja nguzo za chuma zimesimama na roshani zake, upande wa pili ni kifusi mpaka barabarani.

Mwenzetu mmoja akaandika, "Poleni sana ndugu zetu wa Zanzibar." Wengine wakafuatia na pole zao, na muda si mrefu mazungumzo yakarudi kwenye bei ya mbaazi na nani anapanda kwenda Arusha. Hakuna aliyesema neno baya. Ila mimi sikuweza kuandika pole ya namna ile, kama vile msiba ni wao peke yao. Nimefundisha historia hapa mjini Babati miaka mingi, na kadiri ninavyoielewa, jumba lile lina mkono wa watu wa huku bara. Nataka niliandike jambo hili polepole kabla shule hazijafunguliwa, nione kama naweza kulisimamia mbele ya wanafunzi.

Nililiona lilipokuwa makumbusho. Nje kulikuwa na mizinga miwili ya shaba ya Wareno, watoto wameipanda mgongoni. Mlango mkubwa umechongwa, maneno ya Kurani yamepakwa rangi ya dhahabu. Ukiingia unakuta ua mpana uliofunikwa paa, ghorofa zimeuzunguka pande zote, na katikati wameweka mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Nilisimama chini ya mtepe ule nikashika mshono wake. Kamba ya kumbi imepita tundu hadi tundu, imekazwa mpaka imezama kwenye ubao. Nashukuru niliushika.

Jumapili, 27 Desemba

Watu wengi wanalijua Beit al-Ajaib peke yake kwa sababu ndilo lililobaki. Mwaka 1896 yalikuwa majumba matatu, yamepangana yakitazama bahari. Kwanza Beit al-Sahel, kasri lenyewe, la tangu enzi za Sultani Seyyid Said. Kisha Beit al-Hukm, walimokaa wanawake wa nyumba ya sultani. Na Beit al-Ajaib, alilolijenga Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883 kwa sherehe na kupokea wageni. Madaraja ya mbao yenye paa yaliyaunganisha juu kwa juu, mtu wa ndani akapita nyumba hadi nyumba bila kukanyaga njia. Mbele yake ulisimama mnara wa taa wa kuongoza meli.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia kasri siku hiyo hiyo na kujitangaza. Waingereza walikuwa na mkataba wa tangu 1890 kwamba hakuna atakayekalia kiti bila ridhaa ya konsuli wao, na mtu wao alikuwa Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27, Alhamisi, ashushe bendera na kutoka. Hakutoka. Ndani na kuzunguka kasri kulikuwa na watu karibu 3,000: askari, watumwa, watumishi, raia waliokuja kumsimamia. Bandarini zilikuwa zimetia nanga manowari tano za Kiingereza chini ya Admirali Harry Rawson. Saa tatu na dakika mbili zikaanza kupiga. Ilipofika saa tatu na dakika arobaini bendera ilikuwa imeanguka, Khalid amekimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, na watu wapatao 500, wanaume kwa wanawake, wameuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Vitabu vinapenda kuiita vita fupi kuliko zote duniani. Mwanafunzi hasahau hilo, na mtihani ukija anajibu. Mimi sipendi kuifundisha hivyo. Ukishaiita fupi, darasa linacheka, na watu 500 wamepita.

Kinachonishika zaidi ni kilichofuata. Beit al-Sahel lilikuwa limeharibiwa vibaya. Beit al-Hukm nalo lilipigwa vibaya. Likaonekana ni hatari, likabomolewa pamoja na mnara wa taa. Mahali hapo pakapangwa upya: bustani, na jumba jipya la sultani. Beit al-Ajaib lilipona karibu lote, na mwaka 1897 likawekewa mnara wa saa mbele ili uchukue nafasi ya ule wa taa. Mnara ulioanguka juzi ndio huo. Beit al-Ajaib lilijengwa zama za Malkia Victoria, na manowari zilizoyapiga majumba haya zilikuwa za Malkia Victoria, akiwa bado yuko kwenye kiti chake.

Jumanne, 29 Desemba

Waliofariki jumba lilipoporomoka ni wawili. Nimeandika hapa ili nisiendelee kusema nguzo na milango kana kwamba ndivyo vilivyopotea kwanza. Walikuwa kazini siku ya sikukuu.

Jioni nilipita kwa jirani yetu hapa Maisaka anakojenga. Wamemwaga zege la ghorofa ya kwanza wiki iliyopita, na chini yake mirunda imesimama kama msitu. Nilimwonyesha fundi picha kwenye simu. Akafuta mkono kwenye suruali, akaishika, akaivuta kwa vidole viwili mpaka kwenye ule mpasuko.

"Mwalimu, hizi ni chuma ndani ya chokaa?"

Nikamwambia ndiyo. Nguzo za chuma zililetwa kwa meli, na boriti za chuma zikalazwa juu kubeba sakafu. Kuta ni mawe ya matumbawe, yamejengwa kwa chokaa.

"Na bahari iko hapo mbele."

"Iko hapo hapo, ng'ambo ya barabara."

Akatikisa kichwa. "Chuma kikishika kutu kinanenepa. Kikinenepa kinasukuma. Zege lenyewe linapasuka, sembuse chokaa. Na hapo juu," akagusa paa kwenye picha, "kama maji yalikuwa yanaingia, basi kazi ilikuwa inafanyika ndani kwa ndani muda mrefu. Huoni kitu, unapaka rangi."

Nikamweleza nyumba za zamani za Mji Mkongwe zinavyojengwa, na hapo ndipo alipopendezwa. Mzee wa kule hakuwa na chuma. Alikuwa na boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji au Lamu, na boriti ya mkoko ina urefu wake. Chumba kikawa na upana wa mita tatu hivi, basi. Kinaweza kurefuka upendavyo, lakini hakipanuki. Juu ya boriti yanapangwa mawe na chokaa, kisha watu wanaipigapiga sakafu kwa vipande vya miti siku nyingi, kwa nyimbo, mpaka inashikana. Barghash alitaka kumbi kubwa kuliko za mtu yeyote pwani nzima, na mkoko usingempa. Chuma kikampa. Kwa hiyo kile kilicholifanya jumba liwe la ajabu huenda ndicho kilichokuja kulidai baada ya miaka zaidi ya mia moja. Hili nimelifikiria jioni yote.

Fundi akachukua futi yake akapima kati ya mrunda na mrunda, akaniuliza, "Mita tatu? Hapo kitanda, kabati, na njia." Kisha akauliza wanapiga lipu ya nini siku hizi kwenye zile kuta. Nikamjibu kwamba wengi wanapiga ya saruji, na ndilo tatizo linalolalamikiwa na watu wa hifadhi miaka yote. Ukuta wa chokaa unavuta unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa saruji unyevu hauna pa kutokea, unabaki ndani unakula mawe na boriti. "Hata huku," akasema. "Ukipiga saruji juu ya tofali la udongo, mwaka wa pili inabanduka na ukuta wake."

Alhamisi, 31 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Mlima Kwaraa hauonekani.

Nilimpelekea Bibi wa nyumba ya pili unga na sukari ya mwaka mpya. "Shikamoo Bibi." "Marahaba mwanangu, ingia, acha viatu hapo." Yeye ni Mwiraki wa Dareda, amezaliwa kwenye tembe. Nikamsimulia habari za Unguja, akaniuliza paa lilikuwa la aina gani. Nilipomwambia nyumba za zamani za kule zilikuwa na paa bapa, la chokaa, akasema basi ni kazi. Kwao paa lilikuwa bapa pia, la udongo juu ya boriti na fito. Mvua ikikatika tu baba yake alipanda juu na kijiti, anasikiliza kwa miguu palipolainika, anapashindilia. Mwaka mmoja aliumwa, msimu ukapita bila kupanda, na kona ya zizi la ndama ikashuka. Kaka zake walipopata bati tembe likaachwa, na likaisha lenyewe bila mtu kulibomoa.

Sina la kuongeza hapo leo.

Jumapili, 3 Januari 2021

Sasa ule mkono wa watu wa huku: pembe za ndovu.

Unguja haikuwa na tembo. Utajiri uliojenga majumba ya Forodhani ulitoka kwenye karafuu zilizolimwa na watumwa, kwenye biashara ya watumwa wenyewe, na kwenye pembe za ndovu zilizotoka bara. Sultani alikula kupitia forodha. Ushuru wa bandari ulikodishwa kwa wafanyabiashara wakubwa wa Kihindi, nyumba ya Jairam Shivji kwa miaka mingi, na zama za Barghash Taria Topan naye akashika. Kila frasila ya pembe iliyoshuka pwani ililipiwa. Frasila ni kama kilo 16, na pembe moja kubwa hupita frasila mbili. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa Ulaya na Marekani kwa sababu ni laini, zinachongeka bila kupasuka. Zilikwenda kufanywa vibonyezo vya piano, vitana, na mipira ya biliadi. Katika jimbo la Connecticut kuna miji miwili, Deep River na Ivoryton, iliyoishi kwa kazi hiyo.

Tukitaja misafara, vitabu vyetu vya shule vinatupeleka Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Njia ile ilikuwa kubwa, sikatai. Lakini kulikuwa na ya kaskazini iliyoanzia Pangani, ikafuata mto, ikakata nyika ya Wamasai mpaka Irangi na nchi za huku. Huko Irangi, pale Kondoa, wafanyabiashara wa pwani waliweka makazi yao kabisa, na ndiyo maana mpaka leo ukishuka Kondoa, mwendo wa muda mfupi kutoka hapa kwa lami mpya, unakuta mji wenye misikiti ya zamani na Kiswahili cha zamani. Walikuja na nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba, wakaondoka na pembe. Pembe hazikuwa na gari. Zilibebwa mabegani na wapagazi, na ile kubwa sana ilining'inizwa kwenye mti watu wawili wakaichukua.

Mwaka 1892 Oscar Baumann, Mwaustria aliyetumwa na kamati ya Wajerumani ya kupinga utumwa, alitoka Tanga mwezi Januari na kufika nchi za Ziwa Manyara, akapita Umbugwe, nchi ya huku kwetu, na mwezi Machi akaingia bonde la Ngorongoro. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe. Aliwakuta Wamasai wanakufa njaa, akaandika habari zao katika kitabu chake cha 1894. Mtu huyo huyo mwaka 1896 alifanywa konsuli wa Austria na Hungaria Unguja, mwaka wa mizinga. Namtaja kwa sababu moja: ndani ya maisha ya mtu mmoja, Umbugwe na Forodhani zilikuwa ni safari moja. Tumezitenganisha sisi baadaye, kwenye vitabu na vichwani mwetu.

Tembo wenyewe bado wapo. Wanavuka barabara pale Kwakuchinja kati ya Tarangire na Manyara, na Galapo wanaingia mashambani. Wajukuu zangu wakiwaona kwenye basi la Arusha wanapiga kelele. Kati ya waliouawa wakati wa Barghash walikuwemo wa nchi hizi hizi, na ushuru wao uko ndani ya kuta zile. Nikisema jumba la Unguja ni letu pia, namaanisha hivyo. Sizungumzii umoja wa taifa wa kwenye hotuba. Nazungumzia nani alilipa.

Na kama tulilipa, tunayo haki ya kuuliza. Hapo ndipo pole ya kundi letu ilipokuwa inanikwaza.

Jumanne, 5 Januari

Usingizi umekataa kwa sababu ya Beit al-Hukm.

Beit al-Ajaib lina picha, lina mnara, lina kadi za posta. Beit al-Hukm lina mistari michache katika kila kitabu, na karibu mistari yote inahusu siku lilipopigwa. Lakini hilo ndilo lililokuwa nyumba. Jingine lilikuwa ukumbi wa kupokelea mabalozi. Beit al-Hukm watu walilala, walizaa, waligombana, walipika, waliuguzana. Na wengi wao hawakufika pale kwa hiari yao. Suria wa Kicherkesi alinunuliwa mbali, wa Kihabeshi vivyo hivyo, na wa bara aliletwa kwa njia zile zile zilizoleta pembe.

Mtu mmoja aliyekulia katika nyumba za sultani alituachia maandishi. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa kasri la Mtoni mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, akafa kwa kipindupindu mwaka 1859. Salme alijifunza kuandika kwa siri, jambo ambalo mabinti wa kasri hawakutakiwa kulijua. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akaolewa na Heinrich Ruete wa Hamburg, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani kwa jina la Emily Ruete. Ndani yake kuna vyakula, homa, walezi, harufu za udi, hasira za mabibi wakubwa. Nyumba inasikika watu. Lakini yeye alikuwa binti wa sultani. Wanawake waliochota maji na kubeba makopo katika nyumba zile hawakuandika, na walioandika habari zao hawakuuliza majina.

Kuna tarehe mbili ninazoziweka pamoja. Aprili 1897, miezi michache baada ya mizinga, Sultani Hamoud alitoa amri ya kufuta utumwa Unguja na Pemba. Masuria hawakuingia katika amri hiyo. Kwao ilingojewa mpaka 1909. Yaani kuta za Beit al-Hukm zilipoteremshwa wanawake wale hawakufunguliwa. Jengo liliondoka, sheria iliyowaweka ndani ikabaki na miaka zaidi ya kumi mbele yake.

Siwezi kusikitikia jumba hilo kwa namna moja. Nasikitika kwamba lilibomolewa, kwa sababu leo tungeingia vyumba vile tukaona vidaka ukutani walikoweka vitu vyao, tukapima dirisha waliloangalia bahari kupitia kwake, tukajua kitu ambacho hakuna kitabu kitakachotuambia. Na wakati huo huo sitaki mtu aniambie ilikuwa nyumba nzuri.

Jumamosi, 9 Januari

Nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu maisha ya Beit al-Ajaib baada ya masultani. Tangu 1911 lilikuwa ofisi kuu ya serikali ya Waingereza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likaingia mikononi mwa chama cha Afro-Shirazi (ASP), likawa chuo cha itikadi. Baadaye sana likawa makumbusho, ndipo nilipouona mtepe. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mwaka 2012 kipande cha roshani kilianguka na jumba likafungwa. Fedha za ukarabati zilitoka Oman, kazi ikaanza, na mwisho wake tumeuona.

Tangu 2012 hadi juzi ni miaka minane. Onyo lilikuwa limetolewa na jengo lenyewe, wazi, kwa sauti. Sizijui nyaraka za ndani na simnyoshei mtu kidole nikiwa Babati, lakini miaka minane ni muda mrefu wa maji kuingia.

Mjadala uliopo sasa kwenye simu ni kama lijengwe upya. Mwalimu mwenzangu wa hesabu, kijana mwenye akili sana, anasema fedha hizo zijenge madarasa, kwa sababu lilikuwa jumba la sultani na watumwa wamelipia. Nimemheshimu kwa hoja hiyo. Anajali, na ukweli wake ni ukweli. Nikamjibu kwamba kwa sababu hiyo hiyo mimi nataka lisimame. Tukiliacha litoweke, sultani hapotezi kitu. Jina lake liko kila mahali. Atakayepotea ni aliyebeba, kwa sababu kazi yake ndiyo iliyobaki pale na jina lake halipo popote.

Nikaongeza sharti. Likisimama, lisiwe ukumbi wa kuonyesha vyombo vya kauri na kiti cha enzi tu. Chumba kimoja kiwe cha njia: Pangani, Irangi, Umbugwe, Tabora, Ujiji, na uzito wa pembe moja ambayo mgeni anaruhusiwa kuinyanyua begani. Si pembe ya kweli, bandia yenye uzito ule ule. Anyanyue, atembee nayo ukumbi mzima. Na chumba kingine kiwe cha Beit al-Hukm, pembeni yake, chenye upana wa boriti.

Akaniuliza nani atasikiliza mwalimu wa Babati. Nikamwambia mwezi uliopita Rais aliagiza historia ya nchi ifundishwe shuleni kwa mkazo, kwa Kiswahili, basi tuanzie darasani, huko hatuhitaji kibali.

Alhamisi, 14 Januari

Shule zimefunguliwa wiki hii. Leo Kidato cha Pili, vipindi viwili mfululizo, jua kali, nikawatoa nje.

Mwalimu wa michezo alinipa chokaa ya kuchorea uwanja. Tukapima mita tatu kwa futi niliyoazima kwa fundi, tukachora chumba kirefu chenye upana huo, na mstari mmoja baada ya mwingine ndani yake kuonyesha boriti zilivyolala. Kisha pembeni tukachora ukumbi wa Beit al-Ajaib kwa kukisia tu, wenye upana wa mara tatu ya ule. Waliingia chumba cha kwanza wote. Wakabanana, wakacheka, wakaanza kulalamika joto. Nikawaambia wakae kimya humo dakika tano, na nikawasomea tarehe: 1883, 1896, 1897, 1909. Nilipofika ya mwisho msichana mmoja akainua mkono.

"Madam, hao waliobaki mpaka 1909, walikaa wapi kama nyumba imebomolewa?"

Nimefundisha somo hili miaka mingi, na hajawahi mwanafunzi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia sultani alikuwa na nyumba nyingine, mjini na mashambani, na suria alifuata nyumba. Akakunja uso. Nikamwambia aliandike daftarini, liwe swali la darasa zima la muhula huu.

Tulipohamia kwenye ramani mambo yakachangamka. Niliinyoosha kamba ya manila kutoka goli moja, tukaliita Pangani, hadi karibu na goli la pili, na kila mtu akaweka jiwe pale anapodhani kwao pako. Wa Galapo wakaweka, wa Bonga wakaweka, aliyehamia kutoka Kondoa akaweka lake na kusimama juu yake kabisa. Mvulana wa Magugu akasema kamba imepinda vibaya, haiwezi kufika Umbugwe bila kupita kwao, akachomoa kigingi bila ruhusa yangu. Wa Galapo wakamzuia. Ikabidi nilete ramani ya ofisini. Wameipigia magoti hapo kwenye vumbi, wanapima kwa rula, na kengele ya mapumziko imelia hakuna aliyeondoka.